Lawama Atwikwayo Mama wa Mtoto Mwenye Ualbino



Katika siku hizi za jubilei mmesikia habari nyingi za makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa, na furaha yenu ni ya haki. Sisi tumepewa kunena habari isiyo ya furaha: jinsi watu wanavyomlaumu na kumwaibisha mtu aliyezaliwa na upungufu wa mwili, na pamoja naye mama aliyemzaa. Upungufu ni wa namna nyingi, wala muda hautoshi kuzitaja zote. Basi twachagua namna moja, maana katika nchi ya Tanzania, hasa pande za Ziwa, lawama yake imefika hata kumwaga damu. Nayo ndiyo ualbino.

Itazameni kwanza siku ya kuzaliwa. Mtoto atoka mweupe, nywele zake kama nyuzi za katani. Mkunga anyamaza. Shangazi achungulia, atoka nje, anong'ona na mwenzake. Kabla ya jioni neno limekwisha kufika kisimani. Mmoja asema mama amelala na Mzungu. Wa pili asema amepitiwa na pepo. Wa tatu asema alipokuwa mja mzito alimcheka mtu wa namna hiyo njiani, basi amelipizwa. Naye baba asema, "Kwetu hakuna mtoto kama huyu," akaenda zake. Wanawake wangapi wamerudi kwao na mtoto mgongoni kwa ajili ya neno hilo moja! Wala hatujasikia ukoo uliokaa baraza kumwuliza baba alitenda kosa gani.

Swali lenyewe ni la kale. Imeandikwa katika Injili ya Yohana habari za wanafunzi waliomwona mtu kipofu tangu kuzaliwa. Kabla ya kumwonea huruma walitaka kujua mkosaji ni nani, yeye au wazazi wake. Wakajibiwa kwamba si yeye wala si wao. Angalieni, hao walau waliwataja wazazi wawili. Sisi baba tumemwacha.

Sasa sikilizeni ukweli, nanyi waalimu mwufundishe hata mtoto wa darasa la chini auelewe. Rangi ya ngozi, ya nywele na ya macho hutokana na kitu kiitwacho melanini, ambacho mwili hujitengenezea wenyewe. Kwa kazi hiyo kila mtu hupokea mbegu mbili za urithi, moja kwa baba na moja kwa mama. Ikiwapo iliyo nzima, hata moja tu, mtu huwa na rangi kama wenzake, wala hajui ya kuwa ile ya pili ina upungufu. Wakioana mume na mke ambao kila mmoja anao upungufu huo uliofichika, basi kwa kila mimba yao kuna nafasi moja katika nne ya kuzaliwa mtoto mwenye ualbino. Mama peke yake hawezi kuuleta ualbino huu wa ngozi na macho. Nusu ameitoa yeye, na nusu ameitoa baba, sawasawa kabisa. Huyo asemaye "kwetu hakuna" labda amezaliwa na wazee waliobeba mbegu hiyo vizazi kwa vizazi bila kuonekana. Na hayo ya Mzungu ni upuuzi mtupu: mtoto wa Mzungu na Mwafrika ni chotara, na watu wa pwani wamewajua machotara tangu zamani.

Hukadiriwa ya kuwa katika Tanzania mtu mmoja kati ya 1,400 hivi amezaliwa na ualbino, ambapo Ulaya ni mmoja kati ya 17,000 au zaidi. Kwa hiyo ukoo mkubwa usiapie kwamba mbegu hiyo haimo ndani yake.

Mnajua yaliyofuata. Tangu mwaka 2006 hivi wapiga ramli waliwadanganya wachimba dhahabu na wavuvi ya kwamba viungo vya watu hawa huleta mali, nao waliuawa, hata watoto wadogo. Serikali ilifanya ya kwake. Mwaka 2008 Bi. Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, aliteuliwa kuwa mbunge. Septemba 2009 mahakama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana mmoja. Mwaka 2010 watu wa Lindi walimchagua Bw. Salum Khalfani Barwany, naye mwenye ualbino, awe mbunge wao. Januari 2015 waganga wapiga ramli walipigwa marufuku.

Watu wema husema, "Hayo ni ya wauaji, si yetu." Sisi hatukubali. Mtu aliyenunua kiungo alikuwa amekwisha kusikia tangu utoto wake kwamba mwenye ualbino si mtu, ni pepo, tena hafi bali hutoweka. Hayo hakuyasikia kwanza kwa mganga. Aliyasikia jikoni, na barazani, na njia ya kwenda shule, kwa watu waliokuwa wakicheka.

Hapa twaomba ruhusa kusema kidogo juu ya lugha, maana waalimu mtapenda. Kiswahili kimewaweka kipofu, kiziwi na kiwete katika jamii moja na kiti na kisu. Walakini hakuna Mswahili asemaye "kipofu kimekuja", husema "kipofu amekuja." Jina ni la kitu, bali kitendo ni cha mtu. Ukimsikia mwanafunzi akisema "kipofu hiki," ujue amefanya hivyo kusudi ili kutukana. Na jina la "zeruzeru" lisisikiwe tena shuleni hata kwa mzaha.

Tena mwalimu, mtoto huyu haoni mbali. Macho yake huchezacheza, na mwanga wa jua humwumiza. Miwani humsaidia, walakini haimponyi kabisa. Akishindwa kusoma ubaoni huitwa mvivu, akikaribisha kitabu puani hucheka darasa zima, na mwaka wa tatu haji tena. Mweke mbele, mbali na dirisha lenye jua. Andika kwa herufi kubwa, na kusoma kwa sauti yale uandikayo. Haya hayana gharama.

Watoto wengine walikusanywa katika shule za bweni, kama ile ya Buhangija huko Shinyanga, ili wasiuawe. Ilikuwa lazima, na waliowalinda wastahili shukrani. Walakini wako wazazi waliowapeleka wasirudi tena kuwatazama, hata likizo ilipofika. Ukuta uliojengwa kumzuia mwuaji, wao wakautumia kuficha aibu yao.

Na jua limewaua wengi kuliko mapanga. Ngozi isiyo na melanini huungua, hufanya vidonda, kisha saratani, na wengi hufa wangali vijana. Mtoto aliyefichwa nyumbani kwa aibu haonwi na mganga wa hospitali mpaka kidonda kimeoza. Na yule asiyepewa heshima hupelekwa shambani adhuhuri kama wengine. Yatupasa kila mtaa tuwape kofia yenye ukingo mpana na nguo ya mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua kama yale yaliyoanza kutengenezwa Moshi, penye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC. Sare ya shule isimzuie mtoto kuvaa kofia.

Limebaki jambo la kaburi. Kwa kuogopa wezi wa mifupa, jamaa wengine wamezika usiku, watu wachache tu wakijua, na kwa hiyo jirani asiyeona mazishi huendelea kusema kwamba hao hutoweka. Wazee wa mitaa, akifa mtu mwenye ualbino kwenu, kengele na igongwe, azikwe mchana, watu wote waje. Mafundi wafunike kaburi kwa saruji siku ileile, jamaa wasiachiwe gharama yake, na jina lake liandikwe juu kabla saruji haijakauka.