Wimbi Halijui Ukuta: Usalama wa Intaneti Isiyo na Waya
Hotuba ya Ofisa TEHAMA wa Halmashauri katika mkutano wa hadhara wa kata



Zahanati, shule na ofisi zetu zinazidi kutumia intaneti isiyo na waya. Kumbukumbu za wagonjwa na malipo ya ushuru husafiri hewani. Nimeombwa nieleze usalama wa safari hiyo, nami nitaanza na jambo linalosahauliwa mara nyingi: kabla ya nywila, lipo wimbi lenyewe.

Waya hupeleka habari mahali palipokusudiwa. Wimbi la redio halichagui msikilizaji. Hupenya ukuta wa tofali, hupita dirishani, likafika barabarani. Aliyeketi chini ya mwembe nje ya zahanati aweza kulipokea kama mganga aliye ndani. Basi swali la kwanza la usalama ni hili: wimbi letu linafika wapi, tena kwa nguvu gani?

Mwaka 1975 Aaron Wyner, mtaalamu wa Maabara za Bell nchini Marekani, alithibitisha kwa hesabu kwamba, mdukuzi akipokea mawimbi yaliyochakaa kuliko ya mpokeaji halali, habari yaweza kupangwa hata mpokeaji aisome yote na mdukuzi asiambulie kitu, bila ya wawili hao kupeana kwanza ufunguo wa siri. Ni kama sokoni: umnong'onezaye karibu husikia maneno, aliye mbali huambulia kelele za soko. Watafiti wamelikuza wazo hilo. Antena kadhaa zikifanya kazi pamoja huweza kuelekeza nguvu kwa mpokeaji, na hata kutupa kelele za makusudi kwingineko.

Hata hivyo tusibweteke. Ulinzi huo hutegemea mdukuzi awe mahali pabaya, nasi hatujui alipo. Akisogea dirishani, au akija na antena kubwa, faida yetu hupungua. Isitoshe, ruta za kawaida tununuazo madukani hazikuundwa kwa mpango wa Wyner. Kwa hiyo kulidhibiti wimbi ni ua, na nywila ni kufuli ya mlango. Kimoja hakiondoi haja ya kingine.

Yatupasayo ni haya. Mosi, ruta iwekwe katikati ya jengo, mbali na dirisha la barabarani. Pili, pale inapowezekana, nguvu yake ipunguzwe hadi kiasi kinachotosha jengo. Tatu, itumie ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ule wa kale uitwao WEP ulivunjwa na watafiti mwaka 2001, na kuutumia leo ni kuacha mlango wazi. Nne, nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza, na wageni wapewe mtandao wao, usiochanganyika na ule wa kumbukumbu za wagonjwa.

Ndugu wananchi, siri ya mgonjwa ni amana. Mfikapo zahanati au shuleni, mnayo haki ya kumwuliza mganga mfawidhi au mwalimu mkuu: ruta yetu imewekwa wapi, na nywila yake ilibadilishwa lini? Maswali hayo mawili hayahitaji elimu ya mitambo, na majibu yake hayagharimu Halmashauri hata senti moja.