Maegesho Haya Yakiwa Nyumba: Maswali ya Kuuliza Mapema

(Hotuba ya afisa wa mawasiliano kwa wakazi na wafanyabiashara wa eneo la maegesho)



Nimekuja kwa jambo moja: pendekezo la kujenga nyumba za bei nafuu hapa tulipokaa. Bado ni pendekezo. Mkiambiwa kila kitu kimeamuliwa, mwombeni msemaji awaonyeshe karatasi.

Kwa nini maegesho? Ardhi hii ni ya umma. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema kaunti inaishikilia kwa niaba yenu. Hapa hakuna familia ya kuhamishwa, na maji, barabara na soko viko karibu. Gari moja, ukihesabu na njia yake ya kupitia, huchukua takriban mita mraba 25. Chumba kidogo kabisa katika mpango wa nyumba za bei nafuu ni mita mraba 20. Yaani tunalaza gari mahali ambapo mtu angelala.

Lakini nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ada ya maegesho ni mapato ya kaunti. Mama wa chai, mwosha magari na kijana wa bodaboda wanalisha watoto kutokana na uwanja huu. Kwa sheria, kwa kuwa hawalali hapa, ni rahisi kusahauliwa. Ndiyo maana nataka wasikike kabla mchoro haujakamilika.

Ulizeni hivi. Kwanza, nyumba ni za nani? Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inatenga nyumba za jamii kwa wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Ulizeni ni ngapi zitakuwa za kundi hilo. Pili, orofa ya chini itakuwa na vibanda, na nani atapewa? Tatu, ujenzi ukiendelea, wafanyabiashara watakuwa wapi? Nne, magari yataenda wapi? Tano, mifereji ya majitaka itahimili watu wote hao?

Kubadilisha matumizi ya ardhi kunahitaji idhini ya mipango, tathmini ya mazingira na notisi kwa umma. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuomba stakabadhi hizo. Maoni yako yaandike, yatie sahihi, uyapeleke kwa afisi ya wadi na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Neno la mdomo halikai kwenye faili.

La mwisho: usajili wa wanaotaka nyumba hufanywa kupitia Boma Yangu. Ukidaiwa pesa za mkononi ili jina lako litangulie, usitoe, piga ripoti.

Nyumba ni haki yenu chini ya Kifungu cha 43, na riziki nayo ni yenu. Kazi yetu ni kutafuta mchoro unaobeba vyote viwili, na hatuwezi kuuchora bila ninyi.

Sasa nasikiliza.