Kobalti na Damu: Njia ya Profesa Dorothy Hodgkin

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nyakahanga)



Nimeombwa nieleze njia ya mwanakemia mmoja aliyechunguza metali zilizomo katika viumbe hai. Nimemchagua Profesa Dorothy Hodgkin, kwa kuwa njia yake ilipitia Afrika. Alizaliwa Cairo mwaka 1910. Baba yake alikuwa ofisa wa elimu, akahamia Sudan. Binti huyo alipokwenda Khartoum kuwatembelea wazazi, aliokota madini meusi bustanini. Mkemia wa pale, Dkt. A. F. Joseph, hakumfukuza. Alimsaidia kuyapima, kisha akampa sanduku la kemikali.

Hapo tusimame kidogo. Wapo vijana wanaosoma kemia ubaoni tu, hawajapata kuona chumvi ikibadili rangi ya moto. Daftari la michango ya kemikali liko kwa Mweka Hazina. Nalisema sasa kabla chai haijaja.

Uingereza, katika shule yake, kemia ilikuwa ya wavulana. Yeye na msichana mwenzake wakaruhusiwa kujiunga. Aliingia Oxford mwaka 1928, akapata udaktari Cambridge mwaka 1937. Ugonjwa wa viungo ulimpinda vidole tangu ujana, naye akaendelea kushika fuwele ndogo kuliko punje ya chumvi.

Mwaka 1948 alipewa fuwele nyekundu za vitamini B12. Alizipiga eksirei, na kutokana na madoa kwenye filamu akakokotoa mahali pa kila atomu. Molekuli hiyo ina atomu 181! Kazi ilichukua miaka minane, kwa msaada wa kompyuta ya Los Angeles. Katikati wakakuta atomu moja ya kobalti, metali ileile inayochimbwa Katanga. Habari za Tuzo ya Nobel, mwaka 1964, zilimkuta Ghana.

Jambo hili linatuhusu sisi walaji wa ndizi na maharage, vyakula visivyo na vitamini hiyo. Sisi huipata katika maziwa, nyama, samaki na mayai. Bakteria walio tumboni mwa ng'ombe huitengeneza kwa kobalti ya nyasi. (Wazee hawakujua kobalti, lakini kibuyu cha maziwa hawakukiacha.) Anayeikosa hupungukiwa damu, na neva zake huharibika, vidonge vya madini ya chuma havimponyi. Mwenye ganzi ya miguu isiyoisha asingoje, akamweleze daktari.