Buloni nne za kardani



Hiace yetu ya zamani inabeba wagonjwa mpaka Uvira na mihogo mpaka Bukavu. Leo tuongee buloni nne tu, zile zinazofunga kardani kwenye difu. Sisi tuliotoka Nyarugusu tunasema propela; ni kitu kilekile.

Zikilegea, kardani inatetema, mwisho inaanguka. Na ikianguka kwenye mteremko wa Ngomo, moteri haishiki gari tena; inabaki freni peke yake, na watu ndani.

Wengi wanasema barabara ndiyo inalegeza. Si barabara tu. Buloni inajifungua pale vipande ilivyovibana vinapoteleza kidogo-kidogo, huku na huku. Mjerumani Junker alionyesha hayo mwaka 1969. Rondela ya springi haizuii sana, hata ukiweka mbili (mafundi wetu watatununia).

Kwa hiyo tunasugua flanji mpaka chuma kitupu, bila kutu wala rangi katikati. Tunaweka buloni na nati mpya za saizi ileile, tunakaza kwa kupishana, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Halafu tunachora mstari wa rangi toka nati mpaka flanji. Kila asubuhi dereva anaingia chini kuangalia: mstari ukipinda, safari haianzi. Krosi ikiwa na mchezo, ibadilishwe kwanza, la sivyo itatikisa hata buloni mpya.

Mchango wa mwezi huu tunaomba ununue kle ya kupimia ukazo.