Mfanyakazi Apige Kura, Mwajiri Je?

Msikilizaji, mfanyakazi wa Australia akitaka kugoma huku sheria ikimlinda, hawezi kuamka tu asubuhi akaacha kazi. Muda wa mkataba wa zamani wa hali bora uwe umekwisha. Pia chama chake kiende Fair Work Commission, tume inayosimamia mambo ya kazi, kuomba amri ya kupiga kura ya siri, na kioneshe kwamba kimehangaika kwa dhati kutafuta maelewano. Tuitendee haki tume: sheria inaitaka iamue ndani ya siku 2 za kazi, kadiri inavyowezekana.

Karatasi ya kura nayo hutaja hatua zenyewe: kukataa ovataimu, kusimamisha kazi saa moja, kutwa nzima. Angalau nusu ya waliomo kwenye orodha wajitokeze, na zaidi ya nusu ya kura halali ziseme ndiyo. Bado mwajiri apewe notisi ya maandishi ya siku 3 za kazi. Pakiwa na sababu ya pekee, hadi 7.

Kura siigombi. Mshahara unaokatwa siku ya mgomo ni wa mwanachama, basi naye aulizwe. Ninachohoji ni wepesi wa upande wa pili.

Mwaka 2011 marubani wa safari za nje wa Qantas, shirika la ndege la Australia, walivutana na mwajiri wao. Silaha yao? Kuvaa tai nyekundu na kuwaeleza abiria madai yao kwa kipaza sauti cha ndege. Mafundi na wapakia mizigo ndio waliokuwa wakisimamisha kazi, kwa saa chache chache. Jumamosi ya tarehe 29 Oktoba mkurugenzi mkuu, Alan Joyce, akasimamisha ndege zote za shirika, akatangaza kwamba Jumatatu usiku makundi yote matatu yangefungiwa nje. Maelfu ya abiria wakakwama. Serikali ikakimbilia tume, kikao kikakesha, na usiku wa kuamkia tarehe 31 hatua za pande zote zikakomeshwa.

Kuwafungia nje wafanyakazi walioanza kuchukua hatua ni halali nchini Australia, na mwajiri haombi kura ya mtu. Ijumaa, siku moja kabla ya ndege kusimama, wanahisa wa Qantas walikuwa kwenye mkutano wao mkuu wa mwaka. Walipigia kura malipo ya Joyce, wakayapitisha. Kuhusu ndege, hawakuulizwa.