Fedha za Kweli Mikononi mwa Wanafunzi



Katika kikao kimoja cha idara nilipendekeza chuo kiwakabidhi wanafunzi wetu wa fedha sehemu ndogo ya akiba yake, waiwekeze wenyewe kwenye hisa na hatifungani. Mwenzangu ninayemheshimu sana alinijibu kwa sentensi moja: Sharpe alishaufunga mjadala huo. Mhadhara huu ni jibu langu kwake.

William Sharpe alipata Nobeli ya uchumi mwaka 1990. Mwaka uliofuata alichapisha makala ya kurasa tatu ambayo naisoma na kila kundi jipya la wanafunzi na sijaichoka. Haihitaji zaidi ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Tuseme soko zima limepata asilimia 10 kwa mwaka. Anayelishika soko zima, kila kampuni kwa uzito wake, naye amepata 10. Basi waliobaki, wanaochagua hisa hii na kuiacha ile, wakijumlishwa pamoja lazima nao wamepata 10, maana hakuna mwingine sokoni. Sasa toa gharama. Wachaguaji wanalipa wachambuzi, mameneja na madalali. Zikifika asilimia 1.5, wamebaki na 8.5. Hesabu hii haina mwaka wa kushindwa. Mchaguaji aliyeshinda amemshinda mchaguaji mwenzake. Sijui makala nyingine ya fani yetu iliyosema mengi kiasi hicho kwa maneno machache kiasi hicho.

Naikubali yote. Lakini angalieni kinachowaangusha wachaguaji wa Sharpe: ni gharama. Wachambuzi wa mfuko wa wanafunzi hawalipwi. Kazi yao ni somo, na malipo yao ni alama. Wakinunua na kuuza kwa nadra, kinachobaki ni kamisheni ya dalali na tozo za soko. Hapo nguvu ya hoja imepungua sana, na mwenzangu hakuligusa hilo. Tena amechukua kipimo cha faida akapimia mafunzo. Hatuidai maabara ya kemia irudishe bei ya tindikali. 

Mifuko ya wanafunzi si jambo geni Marekani: chuo cha Gannon kilianza mwaka 1952, Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1970, kisha vingine vingi. Mimi navutiwa zaidi na TVA, shirika la umeme la serikali katika bonde la Tennessee. Mwaka 1998 lilianza kuwapa wanafunzi wa vyuo vya eneo lake sehemu ya mfuko uliowekwa kugharimia kuvunjwa kwa vinu vyake vya nyuklia. Fedha zile zina kazi inayozingoja, na wanafunzi wakaaminiwa nazo.

Wapo wanaosema mtaji wa kuigiza unatosha. Soko la Hisa la Dar es Salaam limewahi kuendesha shindano la namna hiyo, na limewafungulia vijana wengi mlango. Lakini anayegombea nafasi ya kwanza kwa miezi michache ana kila sababu ya kurundika mtaji wote kwenye kampuni moja au mbili. Akikosea hapotezi senti; akipatia anatwaa zawadi. Mdhamini wa mfuko wa pensheni akifanya hivyo, wazee watakosa kula.

Udhaifu wa kweli wa mifuko hii uko kwingine. Nilipokuwa nasoma ng'ambo niliwahi kukaribishwa kwenye kikao cha mfuko wa wanafunzi. Orodha ya hisa ilizunguka mezani, na moja ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya bei yake. Mwenyekiti akauliza ilinunuliwa kwa nini. Kimya. Walioinunua walikuwa wamehitimu, na daftari lilionyesha tarehe, idadi na bei, basi. Hawakuthubutu kuiuza, wala kuiongeza. Mameneja wanaoondoka kila mwaka huacha mali bila sababu zake, na hesabu ya Sharpe haifiki huko.

Kwa hiyo ombi langu kwa Baraza la Chuo ni hili. Chuo kitoe shilingi milioni 50, na akaunti ya CDS, inayotunza hisa kielektroniki, iwe kwa jina la chuo. Kampuni moja isizidi sehemu ya kumi ya mfuko. Kabla ya kila ununuzi iandikwe karatasi moja yenye sababu ya kununua na jambo litakalowalazimisha wanafunzi kuuza, wote waisaini. Siku ya makabidhiano wanaoondoka wazisome karatasi hizo mbele ya wanaoingia, na hisa ambayo wanaoingia hawawezi kuitetea kwa maneno yao wenyewe iuzwe ndani ya mwezi huo. Gawio libaki mfukoni. Mwenzangu naomba awe mlezi wa kwanza, maana watahitaji mtu wa kuwauliza swali la Sharpe kila kikao.