Ziwa Moja, Kipimo Kimoja



Leo tuzungumze juu ya lawama. Ndakala zikipungua, tunasema watu wa ng'ambo wamezimaliza. Maji yakituingilia, kama Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, au mwaka 2024 ziwa lilipofika bandarini Kalundu, tunatafuta mtu wa kumbebesha kosa. Mara nyingi tunamwona mgeni: "Hawa waliokuja wanakata miti, ndio walioleta balaa." Neno hilo likirudiwa barazani siku tatu, siku ya nne mama anafukuzwa kisimani. Ya tano, mtu anapigwa. Mimi nilisoma sheria, na sheria huuliza kabla ya kuhukumu: ushahidi uko wapi?

Sikilizeni jambo hili. Mwaka 1957 na 1958, Marekani na Urusi ya Kisovyeti zilikuwa zinaogopana kwa mabomu. Hata hivyo wataalamu wao, pamoja na wa mataifa mengine zaidi ya 60, walikubaliana kuipima dunia kwa pamoja: hewa, bahari na barafu. Katika kazi hiyo Mmarekani Charles David Keeling alianza mwaka 1958 kupima hewa ya ukaa juu ya mlima Mauna Loa, katikati ya bahari, mbali na moshi wa miji. Hiyo ndiyo hewa itokayo tunapochoma makala, mafuta ya gari na misitu. Alikuta sehemu kama 315 katika kila milioni ya hewa. Leo zimepita 420. Kipimo hicho kinaendelea, na hata waliokuwa maadui wanakikubali.

Hewa hiyo haisimami kwenye barieri. Moshi wa viwanda vya mbali na moshi wa jiko lako huchanganyika, lakini haulingani: nchi tajiri zimetoa mwingi mno, sisi kidogo sana. Hewa ya ukaa ikizidi, joto la dunia huzidi.

Sasa turudi ziwani kwetu. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake, akiwemo Pierre-Denis Plisnier aliyepima ziwa hili miaka mingi, walitangaza walichokikuta. Walichimba tope la chini ya ziwa, ambalo hulala tabaka juu ya tabaka kama kurasa za daftari, wakasoma humo alama za kaboni. Maji ya juu yamepata joto, na upepo umepungua. Maji ya moto yanaelea juu ya maji baridi, hayachanganyiki vizuri. Chakula kilichoko chini hakipandi. Mimea midogo ya majini, inayonyonya hewa ya ukaa na kulisha vidudu ambavyo ndakala hula, imepungua kwa karibu asilimia 20. Walikadiria kwamba samaki nao huenda walipungua kwa asilimia 30 hivi.

Wataalamu wengine walibisha, wakasema nyavu nazo zina sehemu yao. Wakabishana kwa vipimo, hakuna aliyechoma nyumba ya mwenzake.

Basi mvuvi wa Burundi si mwizi wa ndakala wako. Ninyi wawili mna hasara moja. Wala sisemi kwamba mikono yetu ni safi. Nyavu za matundu madogo huua vifaranga. Mlima ukinyolewa miti, mvua hushusha udongo na mawe juu ya nyumba zetu. Lakini kuni hukatwa na mwenyeji na mgeni pia. Kosa la wote halitatuliwi kwa kumfukuza mmoja.

Tarehe 12 Juni 2003, kule Dar es Salaam, nchi nne za ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulilinda. Bunduki zilikuwa hazijanyamaza kwetu wala Burundi. Mkataba huo unataka watu wanaoishi kando ya ziwa wapewe habari na washirikishwe katika maamuzi. Mkimbizi wa ndani naye anaishi kando ya ziwa. Chifu, ukiitisha baraza juu ya uvuvi, kuni au maji, umwite naye.

Naomba jambo moja dogo. Simikeni mti ufukweni, uwekeeni alama. Kila Jumatatu watu watatu wausome pamoja: mwenyeji, aliyehamishwa na mvuvi. Waandike katika daftari la mtaa maji yalipofika, na samaki waliopatikana. Siku mtu atakapokuja na uvumi, fungueni daftari kwanza.

Daftari halitashibisha watoto usiku huu, najua. Lakini linaweza kuzuia rungu lisiinuliwe. Na wale watatu, wakisha kusoma alama pamoja kwa miezi sita, watakuwa wamejifunza kusalimiana.

Amani ikae kwenu.